Mfumo mkavu wa sprinkla unaoliwa na kutu: dalili, chanzo na la kufanya

Ukitaka kujua hali ya mfumo mkavu wa sprinkla, yaani mabomba ya kuzimia moto yanayokaa na hewa badala ya maji, usianze na bomba. Ingia chumba cha valvu, simama kando ya kompresa nusu saa, usikilize. Mfumo ulio mzima huweza kukaa siku kadhaa kompresa haijanguruma. Ulioanza kuliwa na kutu hauipi kompresa usingizi.

Naandika haya hasa kwa mafundi wenzangu na wasimamizi wa majengo tulioko huku Minnesota, na kokote kwenye baridi kama hii, kwa kuwa wengi wetu ufundi bomba tuliujifunzia mahali ambapo maji hayagandi bombani. Huku, jengo la kuegesha magari lililo wazi pande zote, lile ambalo wenyeji huliita rampu, likiwekewa sprinkla zenye maji, usiku mmoja wa Januari unatosha kuyagandisha na kupasua bomba. Ndiyo maana mabomba hujazwa hewa ya presha, na maji hubaki nyuma ya valvu kavu, ndani ya chumba chenye joto. Hewa hukalia kifuniko cha valvu kwa juu, maji hukisukuma kwa chini. Kwa sababu hewa imepewa eneo kubwa zaidi la kukandamiza, inaweza kuyazuia maji yenye presha mara tano au hata sita ya presha yake. Moto ukipasua sprinkla moja, hewa inatoka, presha inashuka, kifuniko kinafunguka, maji yanapanda.

Jina hili "mkavu" ndilo linalotuponza. Bomba hizo hazikauki. Siku ya kukabidhi jengo zilijazwa maji na kupimwa kwa psi 200 (paundi kwa inchi ya mraba, kipimo cha presha) kwa saa 2, kisha maji yakamwagwa, lakini hayakuisha yote. Kila jaribio la valvu huingiza mengine. Kompresa nayo huleta unyevu kila inapowaka. Maji hayo hulala chini ya bomba, juu yake kuna hewa nzito ya oksijeni, na kati ya hivyo viwili chuma hakina pa kukimbilia.

Piga hesabu hii uone ukubwa wa jambo. Mfumo wa galoni 500 ni karibu mita za ujazo 1.9. Ukiujaza hewa kwa psi 40, ndani yake kuna takriban kilo 2 za oksijeni. Kilo 2 za oksijeni zinatosha kugeuza zaidi ya kilo 4 za chuma kuwa kutu. Na hiyo ni hewa ya kujaza mara moja tu. Kwenye mfumo wa maji, oksijeni iliyofungiwa ndani hutumika ikaisha, na kutu hupoa. Kwenye mfumo mkavu unaovuja, kompresa huleta oksijeni nyingine kila siku, usiku na mchana, miaka nenda rudi. Kutu hutoboa bomba, tundu linatoa hewa, kompresa inarudishia hewa, hewa inalisha kutu. Dalili zote nitakazoeleza ni sehemu za mzunguko huo mmoja.

Kabla ya kugusa chochote

Piga simu kwa kituo kinachopokea ishara za moto za jengo hilo uwaambie unafanya kazi, ili gari la zimamoto lisije bure. Mwambie mwenye jengo. Kanuni ya NFPA 25, ya Marekani kuhusu ukaguzi na utunzaji wa mifumo ya kuzimia moto kwa maji, inasema mfumo ukikaa bila kufanya kazi zaidi ya saa 10 ndani ya saa 24, lazima jengo lihamwe, au awepo mtu wa kuzunguka kulinda moto, au kuwe na mpango mwingine unaokubalika. Kama wewe ni msimamizi wa jengo na huna leseni ya sprinkla, kazi yako ni kusoma dalili, kutoa maji kwenye koki za chini na kuandika. Kukata bomba na kufungua valvu kavu mwachie mwenye leseni.

Kompresa haipumziki

Pata idadi kwanza. Kama kompresa haina kihesabio cha saa, bandika karatasi ukutani na kila anayepita aandike saa aliyoikuta inawaka. Wiki moja inatosha kukupa picha. "Inawaka sana" haimsaidii mtu yeyote. "Ilikuwa mara moja kwa siku mwaka jana, sasa ni mara sita" ni habari kamili.

Kisha tenganisha pande mbili. Funga valvu ndogo ya hewa iliyo kati ya kompresa na bomba la kupanda, andika presha ya geji ya mfumo, halafu kaa hapo hapo. Nasisitiza ukae. Ukienda kutafuta chai na presha ikashuka hadi kiwango cha valvu kufunguka, maji yatapanda kwenye mabomba yote, na kama ni majira ya baridi utarudi kukuta barafu.

Geji ikitulia, mabomba yako hayana neno kubwa. Tatizo liko upande wa kompresa. Mara nyingi ni valvu ya njia moja inayorudisha hewa, mpira uliopasuka, au swichi ya presha iliyowekwa pengo dogo mno kati ya kuwaka na kuzima. Hayo yanatengenezeka kabla ya chakula cha mchana.

Geji ikishuka, hewa inatokea kwenye mfumo wenyewe. Hapo una kipimo cha kulinganishia: mfumo mpya unapokabidhiwa hujazwa hewa kwa psi 40 na hautakiwi kupoteza zaidi ya psi 1.5 kwa saa 24. Mfumo unaotumika hupimwa kila miaka 3, na kwa psi 40 hautakiwi kupoteza zaidi ya psi 3 kwa saa 2. Tazama tofauti iliyopo kati ya vipimo hivyo viwili. Mfumo unaofaulu kile cha pili bado unaweza kuwa unavuta hewa mpya nyingi mno kwa afya ya chuma chake. Mimi sitosheki na kufaulu huko.

Tafuta uvujaji kuanzia karibu. Chini ya kifuniko cha valvu kavu kuna chumba cha kati chenye kitoneshi kidogo kilicho wazi. Kikitoa hewa, kiti cha kifuniko upande wa hewa kimechoka au kina uchafu. Kikitoa maji, ni upande wa maji. Usikizibe kwa plagi, hata kama kinalowesha sakafu. Maji yakijaa kwenye chumba hicho, yatakisukuma kifuniko kifunguke wakati hakuna moto. Baada ya hapo fuata gasketi, maungio, koki za chini, na mwisho kabisa mwili wa bomba.

Wakati wa joto, sabuni ya maji na brashi hufanya kazi nzuri. Wakati wa baridi kali sabuni inaganda kabla ya kutoa povu, kwa hiyo tumia dawa ya povu isiyoganda au kifaa cha kusikiliza uvujaji. Usipokuwa navyo, njoo saa tisa usiku, rampu ikiwa tupu. Tundu dogo linasikika kama mtu anayepiga mluzi kwa mbali huku ameuma meno.

Jambo moja usilifanye: kompresa ikiungua kwa kuchoka, usiweke kubwa zaidi ukasema umemaliza. Kanuni inataka kompresa iweze kujaza mfumo ndani ya dakika 30, na ikishafika uwezo huo, ukubwa wa ziada unaficha uvujaji tu. Geji itasimama vizuri, simu za malalamiko zitakoma, na kutu itakuwa inapata chakula maradufu.

Koki za chini: maji hayaishi, au hayatoki kabisa

Kila mahali bomba linaposhuka na kupanda tena panatakiwa pawe na njia ya kutoa maji. Pale panapoweza kukusanyika zaidi ya galoni 5 huwekwa mtego: valvu mbili za inchi 1, na kati yake kipande cha bomba la inchi 2 chenye urefu wa inchi 12. Siku zote valvu ya juu iko wazi, ya chini imefungwa. Ukitaka kutoa maji, funga ya juu, fungua ya chini, yaache yatoke, funga ya chini, kisha fungua ya juu taratibu usikie maji yakishuka. Subiri kidogo, rudia. Endelea hadi kitoke kitone tu. Zote mbili zisiwe wazi kwa wakati mmoja hata kwa sekunde, kwa sababu hewa itatoka na valvu kavu itafunguka.

Kinga maji hayo kwenye ndoo yenye alama za lita, andika kiasi na tarehe kwa kila koki. Ndoo hiyo itakwambia chanzo.

Kiasi kikipungua kila unaporudi, lita 3, kisha 1, kisha robo, hayo ni mabaki ya jaribio la mwisho. Endelea kurudi. Kosa kubwa linalofanyika ni kutoa maji mara moja baada ya jaribio la mwezi wa Septemba na kusahau mpaka mwakani. Maji huchukua siku, wakati mwingine wiki, kutambaa kutoka matawi ya mbali hadi kwenye mtego.

Kiasi kikiwa kilekile Julai na Agosti, kisha kikakauka Januari, kompresa ndiyo inayoyaleta. Hewa ya nyuzi 30 za Selsiasi iliyojaa unyevu hubeba karibu gramu 30 za maji kwa kila mita ya ujazo. Ya nyuzi 0 hubeba chini ya gramu 5. Sasa ukiikandamiza hewa hadi psi 40, unakuwa umesukumiza karibu mita za ujazo 3.7 ndani ya nafasi ya mita moja. Unyevu wote ule umeingia, lakini nafasi ile haiwezi kushika mvuke zaidi ya kiasi kilekile cha mita moja. Kinachozidi kinaanguka kama maji. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 ikikandamizwa hivyo kisha ikapoa hadi nyuzi 20, huacha takriban gramu 70 za maji kwa kila mita ya ujazo ya bomba. Tiba ni kikaushio cha hewa baada ya kompresa, na kumwaga maji ya tangi la kompresa kila wiki. Lakini kama hujaziba uvujaji, kikaushio kitazidiwa.

Hali ya tatu ndiyo inayonitisha: koki haitoi kitu, na bado bomba linatoboka. Maana yake maji yamelala mahali ambapo hayawezi kufika kwenye koki. Bomba limefanya tumbo. Huenda kishikizo kililegea, au fundi wa umeme alining'iniza nyaya zake juu ya tawi, au tangu mwanzo mtelemko haukuwekwa. Matawi yanatakiwa yateremke milimita 4 kwa kila mita, bomba kuu milimita 2 kwa mita. Pita na pima maji au leza, tawi kwa tawi. Ni kazi ya kuchosha shingo, na hakuna mkato. Pale utakapokuta tumbo, inua kishikizo, na kama haiinuki, weka koki mpya palepale penye bonde.

Tundu la sindano

Nina kipande cha bomba nilichokipasua kwa urefu, nakiweka kwenye gari kuwaonyesha wenye majengo. Ni bomba la GI, la chuma kilichopakwa zinki, la inchi 2. Nusu ya juu bado ina zinki inayong'aa, unaweza kuona kivuli cha kidole chako. Chini, kwenye ukanda mwembamba wa upana wa dole gumba, kuna vivimbe vya rangi ya kahawia vilivyopangana kama magamba ya mamba. Kibandue kimoja kwa bisibisi: ndani ni tope jeusi, na chini ya tope kuna shimo la mviringo lililonyooka hadi nje. Kivimbe kinachofuata hakina shimo kabisa. Sentimita 10 mbele, shimo jingine. Sehemu iliyobaki ya bomba ina unene wake karibu wote.

Ndivyo zinki inavyodanganya. Kwa miaka mingi tuliambiwa mfumo mkavu uwekwe bomba za GI kwa sababu hazishiki kutu. Zinki hulinda vizuri bomba linalolowa na kukauka. Pale maji yanapotuama chini ya hewa yenye oksijeni, zinki hutafunwa kwenye madoa madogo, na kutu yote hukusanya nguvu kwenye madoa hayo. Bomba jeusi, lisilo na zinki, hulika eneo pana na hutoa uchafu mwingi zaidi, lakini mara nyingi la GI ndilo hutangulia kutoboka. Watunga kanuni nao waliliona hilo: toleo la 2013 la NFPA 13, kanuni ya kuweka sprinkla, liliishusha namba ya ulaini wa ndani wa bomba za GI kwenye mifumo mikavu kutoka 120 hadi 100, sawasawa na bomba jeusi. Kwa hiyo kwenye mfumo wa hewa ya kawaida, anayekuuzia GI kama kinga ya kutu amepitwa na wakati.

Ukikuta tundu, usifunge kiraka ukaondoka. Kiraka kinazuia hewa leo na kukunyima ushahidi. Kata kipande kizima, weka alama ya upande uliokuwa chini, ukipasue. Matundu yakiwa chini kabisa, upande unaotazama sakafu, ni maji yaliyotuama. Rudi kwenye habari ya mtelemko. Yakiwa pembeni, kwenye mstari ambapo maji yanakutana na hewa, ni hayohayo maji lakini kwa wingi zaidi. Yakifuatana kwenye mstari mmoja ulionyooka, huenda ni mshono wa bomba. Kwenye kazi mpya mshono uelekezwe juu. Yakiwa kwenye thredi, ni kwa sababu thredi imekwisha kula nusu ya unene wa bomba kabla kutu haijaanza. Na yakiwa kwenye maungio ya mfereji uliokandamizwa, angalia ndani: mfereji ule hutengeneza tuta kwa ndani, na tuta huzuia kijidimbwi cha maji kwenye kila kiungio hata kama mtelemko ni sahihi.

Kisha pima majirani. Kipima unene cha mawimbi ya sauti hakihitaji kukata kitu. Pitisha chini ya bomba, mita tano kila upande wa tundu, na kwenye matawi mengine yenye umri uleule. Kwa GI pima mahali pengi palipokaribiana, maana shimo moja linaweza kukaa katikati ya vipimo viwili vizuri. Ukikuta kipande kimoja kibovu, badilisha kipande. Ukikuta tawi zima limechujuka, mwambie mwenye jengo ukweli kwamba ni la kubadilisha zima, na umwonyeshe namba.

Mara chache utakutana na ute na harufu ya yai viza ukifungua bomba. Hapo kuna bakteria. Chukua sampuli ya maji na ya uchafu kwenye chupa safi, ipelekwe maabara kabla hujamwaga dawa yoyote. Lakini usikimbilie kuwalaumu bakteria kwa kila tundu. Kwenye mifumo mikavu, mlaji mkuu ni oksijeni.

Maji yanachelewa, au yanatoka machafu

Kila miaka 3 valvu kavu hufunguliwa kabisa na kupimwa muda ambao maji huchukua kufika koki ya majaribio iliyo mbali zaidi. Mifumo mikubwa, ya zaidi ya galoni 750, kwa kawaida inatakiwa ifikishe maji ndani ya sekunde 60. Ila usitazame 60 peke yake. Tafuta karatasi ya siku jengo lilipokabidhiwa. Kama siku hiyo maji yalifika kwa sekunde 30 na leo yamefika kwa 47, umepita ongezeko la asilimia 50, na NFPA 25 inakutaka uchunguze kizuizi ndani ya bomba, hata kama hujafika sekunde 60.

Kwenye koki ya majaribio, weka kitambaa cheupe au kichujio. Tope laini jekundu ni jambo la kusafisha. Vipande vigumu vyenye ukubwa wa kucha ni jambo jingine: tundu la sprinkla ya kawaida lina upana wa takriban milimita 13, na moto ukitokea, mbio za maji zitabandua vipande hivyo vyote kwa pamoja na kuvipeleka kwenye sprinkla iliyofunguka. Hapo ndipo ninapokosa usingizi. Bomba linalovuja linajulisha watu. Bomba lililoziba linakaa kimya hadi siku watu wanapolihitaji. Fungua ncha za matawi, ingiza kamera, safisha kwa maji ya kasi, vua sprinkla chache za mwisho wa matawi uzitazame ndani. Ukaguzi wa ndani wa bomba ni kila miaka 5 hata kama hakuna dalili.

Barafu kwenye chumba cha kugandishia

Kwenye maghala ya kugandishia, bomba hutoka sehemu ya joto likaingia kwenye nyuzi hasi 20 na chini yake. Unyevu uliomo kwenye hewa hugeuka barafu palepale baada ya ukuta, tabaka juu ya tabaka, mpaka bomba linaziba. Dalili: geji upande wa valvu inasoma sawa, lakini ukifungua koki ya majaribio upande wa friza hewa inatoka kwa unyonge au haitoki. Ndiyo maana sehemu hiyo ya kuingilia inatakiwa iwe na kipande kinachofunguka kirahisi, uchungulie. Kama hakipo, kiweke.

Chanzo karibu kila mara ni kompresa inayovuta hewa ya chumba chenye joto. Ivute hewa yake kutoka ndani ya friza, ambako unyevu umekwisha kuganda, au itumie kikaushio cha kweli. Wenzetu wanaotunza friza za samaki Mwanza au Mombasa wana mzigo mkubwa kuliko wetu hapa, maana hewa ya huko ni ya joto na nzito ya unyevu mwaka mzima, haina Januari ya kuikausha.

Nitrojeni imewekwa na bado kutu inaendelea

Ukishaziba uvujaji na kutoa maji, hatua inayobaki ni kuiondoa oksijeni yenyewe. Jenereta ya nitrojeni huchuja hewa ya kawaida na kutoa nitrojeni kavu. Lengo ni asilimia 98 au zaidi ndani ya bomba. Mfumo hujazwa, kisha koki ndogo ya kupumulia huachia hewa ya zamani polepole, unajazwa tena, hivyo hivyo kwa takriban wiki mbili. Nitrojeni ile ni kavu kiasi kwamba hunyonya pia unyevu uliobaki na kutoka nao. Kwa mfumo mdogo usiovuja, mitungi hutosha.

Tahadhari moja ya uhai: nitrojeni haina harufu na haikuonyi. Chumba kidogo cha valvu kiwe na njia ya hewa na kipima oksijeni chenye kengele. Kengele ikilia usiingie, hata kama mlango uko wazi.

Mwenye jengo akikuambia, "Tuliweka nitrojeni miaka miwili iliyopita na bomba limetoboka tena," muulize kipimo kilichukuliwa wapi. Kupima kwenye mlango wa jenereta ni kujipima joto kwa kumshika jirani paji la uso. Pima mwisho wa tawi la mbali. Ukipata 98 na bado kuna tundu jipya, uwezekano mkubwa shimo lilikuwa limebaki ngozi tu kabla nitrojeni haijafika. Nitrojeni hairudishi chuma kilicholiwa. Ukipata 85 au 90, angalia koki ya kupumulia kama imefungwa au tundu lake limeziba, kisha vichujio vya jenereta, kisha uvujaji uliozidi uwezo wa jenereta. Na usisahau kompresa ya zamani.

Kuna rampu moja tuliitwa majira ya kuchipua. Jenereta ilikuwa nzima, vichujio vipya, mlangoni inasoma 99. Mwisho wa tawi la ghorofa ya nne, 81. Tulizunguka asubuhi nzima. Mwenzangu ndiye aliyeweka mkono kwenye bomba dogo la kompresa ya zamani, iliyoachwa kwa ajili ya kujaza haraka baada ya jaribio, akakuta lina joto. Valvu yake ya kupitishia ilikuwa imeachwa robo wazi, na swichi yake imewekwa juu ya ile ya jenereta, kwa hiyo kompresa ndiyo iliyokuwa ikitangulia kuwaka kila presha ilipopungua. Miaka miwili jenereta ilikuwa karibu haina kazi. Tuliifunga valvu ile, tukaitia mnyororo na kufuli na kibao cha maandishi, tukaiacha koki ya kupumulia ifanye kazi yake. Siku ya kumi na saba kipimo cha ghorofa ya nne kilisoma 98.2, na kompresa ilikuwa baridi.